Breki Ngumu na Ufa Usioonekana

Mkulima mmoja wa Kinangop, mwenye pikapu ya petroli iliyokwisha kufanya kazi miaka mingi, alizoea kuteremka Naivasha kila Ijumaa na magunia ya viazi. Siku moja, alipofika penye kona kali katikati ya mteremko, alikanyaga breki kama ilivyo desturi, na pedali ikakataa kushuka. Haikulegea wala haikuzama. Ilisimama ngumu kama jiwe chini ya kiatu. Mzee akakaza mguu kwa nguvu zake zote, akarudisha gia mpaka ya pili, na gari likapunguza mwendo hatua chache tu kabla ya kulifikia lori lililokuwa mbele. Viazi vilifika sokoni salama, lakini mwenyewe alirudi nyumbani polepole, mikono ikimtetemeka.

Juma lile lile alilipeleka gari kwa fundi. Fundi akatia pedi mpya, akabadili mafuta ya breki, akatoa hewa katika mabomba yake. Breki ikabaki ngumu vile vile. Mwisho akasema kwamba busta imekufa na kwamba hapana budi kutafuta nyingine kuukuu mjini. Bei iliyotajwa ilikuwa karibu sawa na karo ya muhula mzima ya binti wa mzee huyo aliyekuwa shule ya sekondari. Hapo mzee akampelekea habari mpwa wake, karani wa ofisi moja ya kaunti, kijana apendaye kusoma vitabu vya mitambo.

"Mjomba," alisema kijana alipofika, "kabla hatujanunua kitu, tuliulize gari lenyewe linaumwa wapi."

"Gari lina mdomo wa kujibu?" mzee akauliza.

"Linao, mjomba. Hebu usikilize."

Akafungua boneti na kuwasha injini. Injini haikutulia, ilitetemeka, ikapanda na kushuka kama mtu mwenye homa. Na chini ya ngurumo hiyo ilisikika sauti nyingine nyembamba, ssss, kama ya nyoka aliyekanyagwa mkia. Hilo ndilo lililokuwa jibu la gari. Lakini mtu asiyejua jinsi busta inavyofanya kazi hawezi kulifahamu jibu hilo. Basi yafaa kwanza ielezwe.

Nguvu itokayo katika hewa

Watu wengi hudhani kwamba nguvu ya breki hutoka mguuni peke yake. Sivyo. Katika magari madogo mengi ya siku hizi, kati ya pedali na masta silinda pamewekwa chombo cha chuma cha duara, mfano wa sufuria mbili zilizofunikizana. Hicho ndicho busta. Ndani yake mna kiwambo cha mpira kinachogawanya nafasi hiyo kuwa vyumba viwili, kimoja upande wa injini na kimoja upande wa dereva.

Injini ya petroli inapozunguka, pistoni huvuta hewa kwa nguvu. Dereva asipokanyaga mafuta, mlango wa kuingizia hewa huwa karibu umefungwa, na kwa hiyo katika manifoldi, yaani mfereji upelekao hewa kwenye silinda, hubaki upungufu mkubwa wa hewa, uitwao ombwe. Mpira mnene hutoka katika manifoldi hiyo mpaka kwenye busta, ukavuta hewa iliyomo katika vyumba vyote viwili. Hewa ikiwa haba pande zote mbili, kiwambo hutulia.

Dereva akikanyaga pedali, vali ndogo iliyomo ndani ya busta hutenga vyumba hivyo viwili, kisha huifungulia hewa ya nje iingie katika chumba cha upande wa dereva. Sasa upande mmoja una hewa ya kawaida na upande wa pili una ombwe. Hewa ya nje husukuma kiwambo mbele, na kiwambo husukuma masta silinda pamoja na mguu wa dereva. Mguu ukiinuliwa, vali huifunga njia ya hewa ya nje na kuvikutanisha vyumba tena.

Hesabu yake si ngumu. Kiwambo chenye upana wa sentimeta 23 kina eneo lipatalo sentimeta za mraba 415. Mvuto wa inchi 20 za zebaki ni sawa na uzito wa karibu theluthi mbili za kilo juu ya kila sentimeta ya mraba. Jumla yake hupita kilo 270. Ni kana kwamba watu wazima wanne wamesimama pamoja na dereva wakimsaidia kukanyaga. Mvuto ukipotea, watu hao wanne huondoka, naye hubaki na mguu wake peke yake.

Ufundi huu si mgeni. Mhandisi Albert Dewandre wa Ubelgiji alitengeneza busta ya mvuto katika miaka ya 1920, na mwaka 1928 kampuni ya Pierce-Arrow ya Marekani ilitia busta ya namna hiyo katika magari yake ya abiria. Tangu hapo umbo limebadilika, lakini kanuni ni ile ile.

Dalili za ugonjwa

Mvuto ukivuja, dalili ya kwanza ni pedali ngumu, na gari husimama mbali kuliko ilivyokuwa. Dalili ya pili ni sauti ya hewa inayofyonzwa, ama chini ya boneti, ama karibu na miguu ya dereva. Sauti fupi wakati wa kukanyaga pedali si ugonjwa, maana ndipo hewa ya nje inapoingia. Ila sauti ikiendelea bila kukoma, hasa dereva asipoigusa pedali, pana mahali palipotoboka. Dalili ya tatu ni injini kutotulia gari likiwa limesimama, kwa kuwa hewa ipitayo katika ufa huchanganyika na petroli bila kupimwa.

Lakini mwenye gari asichanganye magonjwa mawili. Pedali inayolegea kama sifongo, au inayozama polepole mpaka sakafuni, haina habari na mvuto. Huo ni ugonjwa wa mafuta ya breki: ama hewa imeingia katika mabomba, ama mafuta yanavuja, ama masta silinda imechakaa. Gari la namna hiyo lisiendeshwe kabisa hata litengenezwe. Yule fundi wa kwanza alitibu ugonjwa wa mafuta katika gari lenye ugonjwa wa hewa, na ndiyo sababu pedi mpya hazikufaa kitu.

Majaribio matatu ya mguu

Majaribio haya hayahitaji chombo chochote. Gari liwekwe mahali tambarare, gia iwe huru, breki ya mkono ivutwe, na mawe yawekwe mbele na nyuma ya magurudumu.

La kwanza: injini ikiwa imezimwa, dereva akanyage pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu, maana akiba ya mvuto imekwisha. Kisha aendelee kuikandamiza kwa mguu, na awashe injini. Busta ikiwa nzima na mvuto ukifika, pedali itashuka kidogo yenyewe chini ya mguu. Isiposhuka hata kidogo, ama mvuto haufiki, ama busta imeharibika.

La pili: injini izunguke dakika moja au mbili, kisha izimwe. Dereva akanyage pedali mara tatu, akipumzika kidogo kila mara. Mara ya kwanza itashuka mbali, mara ya pili itasimama juu zaidi, na mara ya tatu juu zaidi tena. Hiyo ni alama kwamba busta huhifadhi akiba yake. Ikiwa ngumu tangu mara ya kwanza, mvuto haukufika kabisa, ama akiba imetoroka.

La tatu: injini ikizunguka, dereva akandamize pedali na kuishikilia, kisha azime injini bila kuuinua mguu. Ahesabu nusu dakika. Pedali isiposogea, busta haivuji. Ikiusukuma mguu juu, hewa inapenya ndani, na yumkini kiwambo au vali ya ndani imeharibika.

Kijana aliyafanya yote matatu, mjomba akiwa ameketi kwenye usukani. Katika la kwanza pedali ilishuka, lakini kidogo mno. Katika la pili ilipanda hatua kwa hatua. Katika la tatu haikusogea kamwe.

"Basi busta haikufa, mjomba," alisema. "Kile kidogo inachopewa inakihifadhi vema. Shida ni kwamba haipewi chakula cha kutosha. Kuna mwizi njiani."

Kumtafuta mwizi njiani

Njia ya mvuto ni fupi, na mwizi hana mahali pengi pa kujificha. Huanzia kwenye manifoldi, hupita katika mpira, huingia katika vali ya njia moja, kisha katika kidude cha mpira kinachoziba tundu la busta. Kila sehemu yaweza kupimwa peke yake.

Kwanza ni macho na vidole. Mpira ukunjwe taratibu, injini ikiwa imezimwa na imepoa, na utazamwe pande zote, hasa upande wa chini na kwenye ncha zake mbili. Mpira uliokauka hupasuka nyufa ndogo ambazo hazionekani mpaka ukunjwe. Mpira ulioloa mafuta huvimba na kulegea. Huo waweza kunywea ndani na kuzuia mvuto hata kama haukutoboka.

Pili ni masikio. Kipande cha mpira wa kumwagilia maji, ncha moja sikioni na ncha ya pili ikipitishwa juu ya njia ya mvuto, huonyesha vizuri mahali sauti inapotoka. Mtu aangalie mikono, nguo na mpira wenyewe visikaribie feni wala mikanda. Wako wanaonyunyiza petroli juu ya injini inayozunguka ili wasikie ikibadili sauti. Jambo hilo ni la hatari. Cheche moja yatosha kuliunguza gari na mtu. Maji machache yanyunyizwayo juu ya mpira huweza kufanya kazi hiyo, mradi yasifikie nyaya za umeme.

Tatu ni kubana. Injini ikizunguka, mpira hubanwa kwa koleo lililofungwa kitambaa lisije likaukata. Ukibanwa karibu na manifoldi, na injini ikatulia mara moja, uvujaji uko mbele, kuelekea busta. Isipobadilika, uvujaji uko upande wa injini, labda kwenye ncha ya mpira au gasketi ya manifoldi. Kisha ubanwe tena karibu na busta. Injini ikitulia na hapo pia, mpira ni mzima, na mwizi yuko kwenye vali, kwenye kidude cha mpira, au ndani ya busta. Mpira uliokauka sana usibanwe, maana utapasuka. Afadhali uchomolewe kwenye manifoldi na tundu lake lizibwe kwa kizibo imara.

Nne ni vali ya njia moja. Kazi yake ni kuiruhusu hewa itoke katika busta kwenda kwenye injini, na kuizuia isirudi. Aghalabu ina mshale uelekeao injini. Injini ikishazimwa, mtu angoje dakika chache kisha aichomoe vali katika busta. Akisikia hewa ikiingia kwa kishindo, akiba ilikuwapo. Asiposikia kitu, akiba imekwisha kutoroka. Tena aipulize kwa mdomo: kutoka upande wa busta pumzi ipite, na kutoka upande wa injini isipite hata kidogo. Ikipita pande zote, itupwe na inunuliwe mpya. Ni kitu kidogo chenye bei ndogo.

Mpwa wa mkulima alibana mpira karibu na manifoldi, na injini ikatulia kana kwamba imepewa dawa. Akabana karibu na busta, na homa ikarudi. Mzee mwenyewe ndiye aliyetoa hukumu.

"Kama huku inapona na huku inaumwa, basi mwizi yuko katikati."

"Umesema kweli, mjomba."

Wakazima injini na kuufungua mpira. Upande wake wa chini, pale ulipokuwa ukisuguana na kipande cha chuma, palikuwa na ufa wa urefu wa kucha. Mtu aliyetazama kutoka juu asingeuona hata kwa mwaka mzima.

Mpira upi ununuliwe

Hapa wengi hukosea. Mpira wa kumwagilia bustani hautumiki, wala haifai kuufunga ufa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Mpira wa kawaida hunywea ukivutwa, na mvuke wa petroli huulainisha. Ununuliwe mpira uliotengenezwa kwa kazi ya busta, wenye upana wa ndani ulio sawa na ule wa kwanza, nao ufungwe klipu mpya na uwekwe mbali na chuma kiusuguacho.

Uvujaji ukiwa ndani ya busta, yaani kiwambo kimepasuka, hiyo haitengenezwi kando ya barabara, hubadilishwa nzima. Lakini kabla ya kubadilisha, masta silinda ichunguzwe. Mafuta ya breki yakipungua kila juma bila alama ya kuvuja nje, huenda yanaingia ndani ya busta kupitia nyuma ya masta silinda. Mafuta hayo huharibu kiwambo, na yakivutwa mpaka kwenye injini, moshi mweupe hutoka nyuma. Kutia busta mpya na kuiacha masta silinda ile ile ni kumwaga maji katika gunia.

Watu wa nyanda za juu

Fundi mwenye saa ya kupimia mvuto aweza kupima kwa hesabu badala ya kubahatisha. Saa hiyo husoma inchi za zebaki. Pwani, injini nzima ya petroli inayozunguka polepole aghalabu husoma kati ya 17 na 21. Lakini hewa huwa nyepesi kadiri mtu apandavyo, na kwa kila mita 300 za kimo kipimo hupungua karibu inchi moja. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, injini ile ile husoma kama 12 hadi 15. Kinangop, kwenye mita 2,500 hivi, husoma kama 9 hadi 13.

Basi fundi akisoma 13 huko Nairobi asikimbilie kuhukumu kwamba pana uvujaji. Kitabu alichosoma huenda kiliandikwa kwa watu wa pwani. Naye mwenye gari wa nyanda za juu afahamu kwamba akiba yake ni ndogo tangu mwanzo. Ufa ambao Mombasa ungeleta usumbufu tu, Kinangop au Timboroa waweza kuleta msiba.

Gari la dizeli lina mambo yake. Aghalabu halina mvuto wa kutosha katika manifoldi, kwa hiyo limewekewa pampu ya mvuto, ambayo katika magari mengine imefungwa nyuma ya jenereta. Breki za gari hilo zikiwa ngumu, mpira na vali vipimwe kwa njia zile zile, lakini pampu nayo itazamwe. Malori makubwa hutumia hewa ya kushindiliwa, na hayo ni somo jingine.

Ikitokea njiani

Dereva akikuta pedali imekuwa ngumu gari likienda, asikate tamaa. Mafuta ya breki yangali yanafanya kazi; kilichopotea ni msaada tu. Akandamize kwa nguvu na kushikilia, hata kwa miguu miwili ikibidi. Asikanyage na kuachia mara nyingi, maana kila anapoachia anapoteza sehemu ya akiba iliyobaki. Arudishe gia moja moja ili injini ilizuie gari, na avute breki ya mkono kidogo kidogo, si kwa ghafula.

Na liko kosa moja litendwalo na watu wenye magari mazima. Ni lile la kuzima injini mteremkoni ili kuweka akiba ya petroli. Barabara ya zamani iteremkayo kwenda Mai Mahiu, iliyojengwa na mateka wa Kiitalia walioacha kando yake kanisa dogo la mwaka 1942, ni ndefu na ina kona nyingi. Busta isiyopata mvuto ina akiba ya kukanyaga mara mbili au tatu tu. Kona ya nne itamkuta dereva na mguu wake peke yake, gari zito limejaa watu, na gia iko huru. Petroli aliyoihifadhi haitajaza hata kikombe.

Yule mkulima alinunua mpira wa urefu wa nusu mita na klipu mbili. Kazi yote ilikwisha kabla ya chai ya saa nne, na jaribio la kwanza liliporudiwa, pedali ilishuka chini ya mguu wake kwa ulaini hata akacheka. Fedha ya busta ilikwenda shuleni kulipa karo. Ufa wenyewe hakuutupa. Aliukata ule mpira mkuukuu penye ufa, akautundika kwa uzi juu ya kioo cha mbele, na abiria akimwuliza ni kitu gani, humjibu, "Huyo ni mwizi wangu." Wahenga walisema kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta, mtu wa gari aongeze kwamba asiyeutafuta ufa huenda asipate nafasi ya kujenga hata huo ukuta.